Unga wa Vigae Kwenye Zege: Tuliyoyapitia Mtwara Mpaka Ukakubali

Tangu tuanze kuweka unga wa vigae kwenye zege la mifuniko ya karo na matofali ya pevingi, mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi hunijia na swali lilelile: unaokoa mifuko mingapi ya saruji? Ni swali la haki, maana saruji ndiyo inayokula fedha ya zege. Lakini kila anayeniuliza namrudisha kwanza kwenye kusaga. Unga ambao haujasagwa ukalingana na saruji kwa ulaini hauokoi kitu. Huo ni mchanga mwembamba tu, na umeuweka mahali pa saruji. Naandika haya ili anayetaka kujaribu asianzie tulipoanzia sisi.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, na yadi yetu iko pembezoni mwa mji wa Mtwara, upande wa kwenda Mikindani. Vigae vinavyouzwa mjini hapa vingi huja kwa lori kutoka Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, safari ndefu, na ni nadra shehena kushushwa bila maboksi yaliyopasuka. Wenye maduka huvirundika uani. Mafundi tailizi nao wakimaliza nyumba huacha vipande vya kona. Vingi huishia kwenye mashimo ya barabara za mitaani. Mvua zikija, udongo unaondoka na vipande vinabaki vimesimama, makali juu, pale wanapopita watoto pekupeku. Hilo lilikuwa likiniuma hata kabla sijawaza zege.

Habari ya kwamba kigae kilichosagwa kinaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji niliisikia chuoni, mara moja, kwa kupitiwa haraka. Sababu yake ni hii. Kigae ni udongo uliopita motoni; kile cha sakafu huchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1200 za Selsiasi. Joto hilo huvunja mpangilio wa madini ya udongo, na sehemu ya silika na alumina yake hubaki katika hali ya kioo, tayari kuungana na kitu kingine. Kitu hicho kimo ndani ya zege tayari. Saruji ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pia huacha chokaa huru ambayo haichangii nguvu kubwa. Unga laini wa kigae, ukipata maji, huikamata chokaa hiyo na kutengeneza gundi ya ziada ya jamii ileile. Warumi walilijua hili kwa vitendo: walichanganya chokaa na vigae na vyungu vilivyopondwa wakapata lipu ya matangi ya maji. Bara Hindi, unga wa matofali ya kuchoma ulitumika hivyohivyo kwa jina la surkhi. Na chokaa si mgeni kwetu kusini. Kuta za Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikwa na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na nyingi bado zimesimama.

Ila saruji hufanya kazi yake haraka, unga wa kigae huchelewa. Kuchelewa huko ndiko kulikotutoa jasho.

Kazi ya kwanza ni kuchambua taka, na haina njia ya mkato. Vilivyovunjika dukani ni vigae vitupu, hivyo ndivyo bora. Kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa utakuta kigae chenye saruji kuukuu mgongoni, vioo, rangi, na kibaya kuliko vyote, jasi ya dari. Jasi ina salfeti, na salfeti ikizidi ndani ya zege huleta kuvimba na nyufa baada ya zege kukauka na kukabidhiwa. Nyumba nyingi siku hizi zina dari za jasi, kwa hiyo kifusi tuliachana nacho kabisa. Masinki ya choo yaliyopasuka nayo ni kauri, lakini ni magumu mno kuponda kwa vifaa vyetu, tuliyaweka pembeni.

Halafu kusaga. Tulianza kwa nyundo kubwa, kisha tukapeleka vipande kwenye mashine ya nyundo, ile ya aina ya kusagia nafaka, tuliyoinunua mtumba ikiwa imeshastaafu kazi ya chakula. Hilo nalitaja kwa makusudi: mashine inayosaga unga wa ugali wa watu isiguswe na kigae, hata kwa saa moja. Kigae kilizila nyundo za mashine yetu zikabaki mviringo, kikatoboa chekeche, na kilichotoka kilikuwa vumbi lililochanganyika na chenga. Kwa macho unga ulionekana laini. Kati ya vidole ulikwaruza. Tulipoupitisha kwenye chekeche ya maabara ya mikroni 75 (mikroni elfu moja ni milimita moja), sehemu kubwa ilibaki juu. Kununua nyundo na nyavu mpya kila mara kulituumiza kuliko chochote tulichokuwa tumekipangia bajeti.

Kilichotusaidia ni pipa la chuma linalozunguka likiwa na mipira ya chuma ndani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Ruangwa na Nachingwea wanaifahamu kazi hii vizuri, wao na karasha zao. Karasha huponda, pipa husaga. Linazunguka saa nyingi na linakula umeme, lakini unga unaotoka unateleza mkononi. Ukifikiria kukodi mtambo wa machimboni, uliza kwanza umesaga nini kabla yako. Mawe mengi ya dhahabu yana salfaidi, ambayo hutaki iingie kwenye zege, na wapo wanaotia zebaki humohumo ndani ya mtambo. Zebaki haifai kuguswa na kijana wako yeyote. Sisi tulimpa fundi wa kuchomelea kazi ya kutengeneza pipa letu dogo, ikawa gharama ya mara moja.

Kuhusu kipimo cha ulaini, kiwango kinachotajwa sana kwa vitu vya jamii hii ni kile cha Marekani, ASTM C618. Kinataka unga unaobaki juu ya chekeche ya mikroni 45 usizidi asilimia 34, na jumla ya silika, alumina na oksidi ya chuma isipungue asilimia 70. Kwenye kemia, vigae kwa kawaida havina shida. Shida yote iko kwenye chekeche.

Na vumbi. Kigae kina silika, na vumbi la silika likivutwa miaka kwa miaka huharibu mapafu kwa ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba, na huongeza hatari ya kifua kikuu. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii chembe hizi. Tulinunua barakoa za N95, tukafunga mdomo wa pipa kwa mfuniko wenye mpira, na kabla ya kulifungua tunaliacha litulie. Kuponda kwa nyundo tunafanya vigae vikiwa vimelowa, kisha tunaanika vipande. Vijana walilalamika kwamba barakoa inawabana kwenye joto la pwani, na ni kweli inabana. Aliyeikataa tulimhamishia kwenye kokoto. Kama huna fedha ya barakoa, usisage. Hapa sina maelewano na mtu.

Tulipofika kwenye kuchanganya, fundi wetu mkuu, mzee aliyemwaga zege la nyumba nyingi za mji huu, alitaka tupime kwa ndoo kama siku zote.

"Mwanangu, ndoo ndiyo mizani yetu," aliniambia.

"Mzee, kwa mchanga na kokoto nakubali. Huu unga tuupime kwa kilo."

Tulibishana. Unga wa kigae ni mwepesi kuliko saruji: uzito mahususi wa saruji ni kama 3.15, wa unga huu uko jirani na 2.6. Ndoo iliyojaa unga haina kilo za ndoo iliyojaa saruji. Tukaazima mizani ya kupimia korosho, tukaweka ndoo mbili moja baada ya nyingine, mzee akasoma mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyechota unga kwa kukadiria. Hesabu ni nyepesi: kwa asilimia 10, kilo 5 za unga zinachukua nafasi ya kilo 5 za saruji katika kila kilo 50. Kwa kazi kubwa, mifuko 9 ya saruji inakwenda na kilo 50 za unga, huna haja ya kufungua mifuko ovyo. Vyote viwili vichanganywe vikiwa vikavu mpaka rangi ilingane, ndipo mchanga uingie.

Tazameni pia maandishi ya mfuko, maana wengi hatuyasomi. Saruji ya CEM I ina klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa pamoja tanurini, asilimia 95 au zaidi. CEM II/A ina asilimia 80 hadi 94, na CEM II/B asilimia 65 hadi 79. Iliyobaki ni mawe ya chokaa, pozolana (unga unaoungana na chokaa, kama huu wa kigae) au kitu kingine kilichosagwa nayo kiwandani. Ukichukua CEM II/B ya 32.5 (namba hiyo ni daraja la nguvu ya saruji) ukaitoa tena asilimia 20 kwa ajili ya unga wako, unapunguza klinka ambayo imeshapunguzwa, na chokaa huru ya kuungana na unga nayo inapungua. Sisi tulichagua 42.5 yenye klinka nyingi. Ni ghali zaidi kwa mfuko, na sijaona namna ya kuikwepa.

Tulitengeneza michemraba ya milimita 150 kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto: ya saruji tupu, ya asilimia 10, 20 na 30 za unga laini, na mingine ya asilimia 10 za ule unga wa kwanza wenye chenga. Michemraba hiyo hukandamizwa maabara mpaka ivunjike. Kwa asiyewahi kufika huko: uso wa mchemraba ni milimita za mraba 22,500, hivyo zege la nyutoni 20 kwa kila milimita ya mraba linatakiwa kubeba kilonyutoni 450.

Siku ya 7 ilinivunja moyo. Saruji tupu ilikuwa juu, asilimia 10 chini yake, 20 chini zaidi, na 30 chini kabisa. Nilijua kwa nadharia kwamba unga huchelewa, lakini kujua na kulipia ni vitu viwili. Nilikuwa nimeshalipa pipa, nimelipa vijana, na mteja aliyeagiza mifuniko alikuwa anasubiri. Nilimwomba muda zaidi, akaenda kununua kwingine. Mzee hakunisema. Aliuliza tu, "Saruji tunaijua sote. Huu unga nani anaujua?" Sikulala vizuri wiki ile.

Siku ya 28 picha ilibadilika. Asilimia 10 ya unga laini ilikuwa imeifikia saruji tupu, tofauti yao ikawa ndogo kuliko ile iliyokuwepo kati ya mchemraba na mchemraba wa mchanganyiko mmoja. Asilimia 20 ilikuwa bado nyuma lakini imepunguza pengo, na siku ya 56 ikasogea tena. Asilimia 30 tuliiacha. Tafiti za nchi nyingi zinaelekea hukohuko: kati ya asilimia 10 na 20 unga hufaa, ukipita hapo saruji imepungua mno na chokaa yake haiutoshi unga wote. Na ile michemraba ya unga wenye chenga? Ilikuwa chini siku ya 7 na ikabaki chini siku ya 28. Kigae kilekile, duka lilelile, saruji ileile. Kilichotofautiana ni saa za kusaga. Nikiwa na nafasi ya kumwonyesha fundi kitu kimoja tu katika habari hii yote, ningemwonyesha matokeo hayo mawili yakiwa yamewekwa pamoja.

Kisha kuna maji, na hapa nataka nikae kidogo. Chembe za kigae zina kona na unga laini una uso mwingi wa kulowa, kwa hiyo zege linaonekana kavu. Kijana wa koleo akiona hivyo mkono unakwenda kwenye ndoo ya maji. Kwa kilo 50 za saruji na unga kwa pamoja, lita 25 ni uwiano wa 0.5. Ongeza lita 5 umefika 0.6, na nguvu uliyoitafuta kwa saa za kusaga imeondoka. Tunapima slampu kwa koni, yaani zege bichi linashuka kiasi gani koni ikiinuliwa, na pale zege linapokataa kushindilika tunatia dawa ya kulainisha zege, hatuongezi maji. Maji yenyewe yawe ya bomba. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi ni adui wa nondo.

Baada ya kumwaga, watu wengi huku humwagilia zege siku mbili tatu wakaliacha. Zege la saruji tupu likitendewa hivyo linapoteza nguvu, lenye unga wa kigae linapoteza zaidi. Likikauka mapema, muungano wa unga na chokaa unakoma palepale, unabaki na zege lenye saruji pungufu na vumbi la kigae ndani yake. Sisi tunamwagilia siku 14 bila kuruka, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Joto la Mtwara linasaidia, kwa sababu muungano huu huenda upesi penye joto, mradi unyevu upo. Upepo wa kusi ndio msumbufu. Unakausha uso wa zege asubuhi hiyohiyo. Tunafunika kwa magunia makuukuu ya korosho yaliyoloweshwa, na nailoni juu yake. Gunia lililobeba sukari usilitumie, sukari huzuia saruji kushika. Miezi ya kiangazi, bomba lilipokuwa halitoi, tulinunua maji ya boza, na gharama hiyo haikuwemo kwenye hesabu zangu za mwanzo. Nawe iweke kwenye zako.

Sasa fedha, bila kuficha. Mkoa wetu una kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Saruji inasafiri karibu kuliko vigae. Ukijumlisha kukusanya, kuosha, umeme, mipira inayolika, barakoa, maji, maabara na mteja aliyeondoka, kipindi cha kwanza hatukuokoa shilingi. Ada ya kukandamiza michemraba peke yake ilizidi thamani ya saruji tuliyoipunguza. Aliyeko Liwale, ambako nauli inapandisha bei ya mfuko, hesabu yake inaweza kuwa nyingine, ila vigae vya kutosha hatavipata. Yeye ningemshauri aangalie matofali ya kuchoma yaliyovunjika, yale yaliyoiva, si mabichi ya pembeni mwa tanuri. Ni jamii moja na kigae na husagika kwa urahisi zaidi. Lakini apime upya kila kitu. Matokeo yangu si ya tofali lake.

Kinachonifanya niendelee ni chumvi. Tembea Shangani au Mikindani uangalie mifuniko ya karo na kingo za vibaraza vilivyo karibu na bahari. Zege limepasuka, nondo zimefumuka kwa kutu. Chumvi inapenya kwenye vinyweleo vya zege mpaka inafika kwenye chuma. Gundi ya ziada inayoletwa na unga laini huziba sehemu ya vinyweleo hivyo, na chumvi hupita kwa shida zaidi. Haifidii kava iliyopungua, yaani unene wa zege unaofunika nondo; nondo iliyokaa ukingoni itaoza tu, lakini mfuniko uliosukwa vizuri unapata miaka ya ziada, na hao wanaobadilisha mifuniko kila mara ni watu wa kipato cha chini. Naijali pia hewa ya ukaa. Kila tani ya klinka hutoa takriban nusu tani yake kutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, kabla hujahesabu moto wa tanuri unaofikisha nyuzi 1450. Yadi yetu haibadilishi kitu kwenye hesabu ya dunia, lakini wakipatikana wengi wa kusaga taka iliyo karibu nao, inabadilika.

Kwa nguzo, bimu na slabu hatuutumii unga huu. Kiwanda hupima saruji yake kila siku. Sisi tunapima tukiwa na fedha ya kupima, na huwezi kuweka uhai wa watu juu ya hilo. Mhandisi aliyesajiliwa akiidhinisha kwa maandishi, na michemraba ikavunjwa kwa kila mmwago, ni habari nyingine. Hata kwenye kazi ndogo, fomu zetu, yaani kalibu za kumwagia zege, zinakaa muda mrefu kuliko zamani, kwa sababu zege hili siku za mwanzo ni dhaifu na kona huvunjika ukilivua haraka.

Tunauza kwa asilimia 10 tu. Mfuniko hautoki yadini kabla ya siku 28, na mteja anaambiwa kilichomo ndani kabla hajalipa. Baadhi wakisikia vigae huondoka, na wana haki hiyo. Muda huo wa kusubiri umetulazimisha kumwaga akiba kabla ya msimu wa korosho, kwa sababu fedha ya korosho ikishaingia mikononi watu wanataka kujenga wiki hiyohiyo. Michemraba ya asilimia 20 tumeiacha kwenye maji tuivunje siku ya 90. Ikikubali, pevingi za njia za waenda kwa miguu ndizo zitakazoanza kuipata.